Picha za simu zina ukungu na chenga: tusaidiane kabla sijanunua simu nyingine (niko Dodoma)

mama_vitenge

Mbukwenyi wadau. Nauza vitenge na magauni, fremu yangu iko jirani na Soko la Majengo. Wateja wengi wananiona kwanza WhatsApp na Instagram ndipo waje, kwa hiyo picha ndiyo duka lenyewe. Sasa kamera ya simu yangu imeanza vituko. Simu haina hata mwaka, ina macho matatu nyuma, imeandikwa megapikseli 50, lakini nikipiga mlangoni mchana picha inatoka na ukungu mweupe na kitenge kinapauka. Usiku taa ya dukani inatoa miale mirefu inayokatiza picha nzima, na kitambaa kinajaa chenga. Wateja wa Dar nao wanalalamika kwamba wakiikuza picha, maua ya kitenge yanakuwa matope tu.

Fundi kaniambia kamera imekufa, niache elfu themanini abadilishe. Mume wangu anasema tununue simu nyingine. Mimi nimesema niulize kwanza.

zabibu_chungu

Nunua iPhone, uzi ufungwe.

mtemi_nkuhungu

Hakuna uzi wa simu usiovamiwa na mtu wa iPhone. Dada kasema anauza vitenge, hajasema kauza ng'ombe.

jicho_la_chimwaga

Dada, elfu themanini zikae kwanza. Umetaja mambo matatu na kila moja lina mlango wake: ukungu, chenga, matope. Ukiyachanganya utabadilisha kamera na matope yatabaki palepale.

Nijibu haya. Juu ya kamera za nyuma umebandika kile kioo cha kulinda lenzi? Kamera ya selfi nayo ina ukungu? Na picha ikiwa bado kwenye simu yako, hujamtumia mtu, ukiikuza maua unayaona au nayo ni matope?

mama_vitenge

Kioo kipo, nilibandikiwa siku ileile niliyonunua simu, kile chenye vimeremeta pembeni. Selfi iko safi, mpaka naringa. Kwenye simu yangu maua nayaona, yamepauka lakini yanahesabika.

jicho_la_chimwaga

Umeshajijibu nusu. Selfi kuwa safi maana yake programu ya kamera na ubongo wa simu unaochakata picha havina ugonjwa. Maua kuonekana kwako na kupotea kwa mteja maana yake yanapotelea njiani. Kamera yenyewe bado sijaona kosa lake.

Tuanze na ukungu. Lenzi ya simu imepakwa utando mwembamba wa kuzuia mwanga usirudirudi. Vioo vingi vya kubandika havina utando huo. Ukiwa ndani ya duka unatazama mlango wenye jua la saa saba, mwanga unaingia kwa ubavu, unadunda kati ya kioo na lenzi, unasambaa picha nzima. Weusi unageuka kijivu na rangi zinapauka. Hapo sijalitaja vumbi letu, ambalo wakati wa kiangazi linapenya hata kwenye sahani iliyofunikwa. Likiingia kati ya kioo na lenzi halifutiki tena. Utafuta juu kila siku na ukungu utabaki.

Miale ya taa ni mafuta ya vidole. Jaribu siku ukiwa na nafasi: pangusa lenzi kwa kidole kutoka juu kwenda chini, kisha piga taa, utaona mwale umelala kushoto na kulia. Pangusa kwa ubavu, mwale utasimama wima. Ni ile michirizi ya mafuta inayoutawanya mwanga.

Fanya hivi. Kibandue kioo taratibu kwa kucha au kwa kadi laini ya plastiki, kisu kikae mbali. Halafu PULIZA kwanza, ndipo ufute. Vumbi la huku lina chembe za mchanga, na ukisugua kavu kwa upindo wa khanga unaupiga msasa ule utando wa lenzi. Kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo kinatosha. Kisha piga kitenge kilekile, mahali palepale, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha mahali, taa na setingi kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya.

mtemi_nkuhungu

Kwa hiyo protekta za kamera ni wizi mkuu? Mimi ninayo na picha ziko poa.

jicho_la_chimwaga

Zipo nzuri, ila kwa maoni yangu hazina kazi kubwa. Kava lenye ukingo ulioinuka kidogo kuzunguka kamera linatosha, simu ikilazwa lenzi haigusi meza. Kama unabisha, piga taa ya barabarani usiku ukiwa na protekta, ibandue, piga tena pale pale. Picha mbili hizo zitamaliza mabishano kuliko mimi.

mama_vitenge

Nimekibandua. Jamani! Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu la kuotea mchicha. Nimepuliza, nimefuta, nimepiga. Ukungu umeondoka kabisa na miale imebaki kidogo sana. Chenga za usiku bado zipo, na mteja bado anasema matope.

mtemi_nkuhungu

Elfu themanini imepona.

fundi_kota

Wakuu msitupake matope wote. Wapo mafundi wanaokisafisha kwanza kioo kabla ya kutaja bei. Lakini na ninyi wateja mnapenda rahisi. Kioo cha nje cha kamera kikipasuka, mtu anataka cha bei ya chini, kile kisicho na utando wowote, halafu wiki ijayo anarudi analalamika ukungu. Na kikipasuka akaendelea kutumia hivyohivyo, vumbi linaingia ndani na kukaa juu ya lenzi yenyewe.

Namna ya kujua uchafu uko wapi: vumbi la juu ya lenzi ya simu mara nyingi halionekani kama doa, linaleta ukungu na kupauka. Ukiona doa jeusi au la kijivu linalokaa pembe ileile kwenye kila picha, hata ukifuta vipi, hilo liko ndani, karibu na sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Hapo usihangaike na kitambaa, lazima ifunguliwe. Wenye Samsung wakibonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia watapata ukurasa wa kupima vifaa, kamera ya nyuma na ya mbele zimo. Simu ikifungua kamera humo vizuri lakini kwenye programu ya kawaida inagoma, mara nyingi ni suala la programu, haina haja ya bisibisi.

Jambo jingine dada. Umesema macho matatu. Fungua kamera, weka kwenye 1 (ukuzaji wa kawaida), ziba jicho mojamoja kwa kidole. Kisha nenda 0.5 (jicho la picha pana) kama ipo, ziba tena. Kwenye simu nyingi za bei ya kati kuna jicho ambalo ukiliziba picha haibadiliki kabisa. Ni la megapikseli 2 la kusaidia kutia ukungu nyuma ya mtu, au ni la kupamba tu.

mama_vitenge

Nimeziba. Jicho la chini kabisa sijui linafanya nini duniani.

zabibu_chungu

Linakulinda dhidi ya husuda.

jicho_la_chimwaga

Haya, matope. Picha yako inatoka kwenye simu ikiwa na takriban pikseli 4000 kwa 3000. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa mpaka kama 1600 upande mrefu, kisha inabanwa ili isile bando. Uso wa mtu unavumilia. Kitenge chenye vimaua vidogo vilivyosongamana hakivumilii, kwa sababu kubana kunaanza kwa kutupa vitu vidogovidogo. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD juu ya picha kabla hujaituma, kibonyeze. Kwa mteja anayetaka kuona ufumaji wenyewe, tuma kama dokumenti: bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua dokumenti badala ya picha. Inafika kama ilivyo, ila inakula bando lako na lake, na haimtokei kubwa kwenye mazungumzo mpaka aifungue.

Kwenye stetasi huwezi kufanya mengi, inabanwa tu. Kwa hiyo kwa stetasi piga karibu: badala ya doti nzima, pindo moja lenye ua lijae fremu. Kwa Instagram ikate mwenyewe kabla ya kupandisha, upana 1080 na urefu 1350, usiwaachie wao wakate.

Na picha ikishabanwa imekwenda. Ni mlenda mkavu ule, utauloweka na kuupika na utaliwa vizuri, lakini mbichi haurudi. Kwa hiyo usichukue picha yako kutoka kwenye kundi la WhatsApp ukaikata na kuituma upya, na usipige skrinshoti ya picha yako mwenyewe. Rudi kwenye galari, chukua ile ya kwanza.

bodaboda_area_c

Mkuu samahani nadandia uzi wa dada. Simu yangu ninaifunga kwenye usukani wa pikipiki kwa ajili ya ramani. Siku hizi nikifungua kamera picha inatetemeka yenyewe hata simu ikiwa mezani, na ndani kuna kamlio. Nimefuta lenzi mpaka basi.

jicho_la_chimwaga

Yako ni nyingine kabisa, na hapa kitambaa hakisaidii. Simu zenye kutuliza mtikisiko kwa lenzi zina lenzi inayoelea, inashikwa na springi na sumaku ndogo ili mkono ukitikisika yenyewe isogee upande wa pili. Mtetemo mkali wa injini unaofululiza kila siku unaweza kukiharibu kifaa hicho. Apple walitoa tahadhari rasmi Septemba 2021 kuhusu iPhone zao, wakazitaja pikipiki kwa jina, na kushauri simu isifungwe moja kwa moja kwenye fremu au usukani wa pikipiki zenye injini kubwa. Kwa injini ndogo walishauri kishikio chenye kupunguza mtetemo, na bado usiifunge kwa muda mrefu. Kwa bodaboda anayeshinda barabarani kutoka Area C mpaka Ihumwa, sioni kwa nini simu nyingine zipone.

Kabla hujalia, ondoa kwanza kishikio au kava lenye sumaku, maana sumaku peke yake inaweza kuisumbua lenzi hiyo. Kisha linganisha: weka 1, angalia kama inatetemeka, weka 0.5, angalia. Simu nyingi jicho la 0.5 halina lenzi inayoelea. Ikiwa 1 inacheza ngoma na 0.5 imetulia, na sumaku umeiondoa, basi kamera kuu imeumia na hapo fundi akikuambia ibadilishwe mwamini.

fundi_kota

Asante kwa kunitaja kwa wema mara moja. Ongezea: ramani isikilize sikioni, simu iwe mfukoni.

mgogo_halisi

Nami nina langu. Tulikuwa nyumbani Mvumi kwenye msiba, usiku tukapiga picha ya familia uani. Picha zote zina miduara myeupe inaelea juu ya vichwa vya watu. Bibi anasema ni wazee wamekuja kutuaga. Sitaki kubishana na bibi lakini ni nini?

jicho_la_chimwaga

Pole na msiba ndugu. Uani watu walikuwa wanatembea, vumbi limenyanyuka, na ulipiga kwa flashi. Flashi ya simu iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo chembe inayoelea mbele kabisa inamulikwa vikali kuliko watu wenyewe, na kwa kuwa iko karibu mno kamera haiwezi kuifokasi, inageuka duara. Zima flashi, washa taa ya nje, piga hali ya usiku, miduara haitakuwepo. Bibi mwache na maneno yake, yanamfariji.

mtemi_nkuhungu

Nilikuwa nimeshakaa mkao wa kusikia habari za mizimu, mmeniharibia usiku.

binti_mahafali

Jamani mimi ni nyuso. Mwaka jana mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tumetoka nje na majoho saa saba, picha zote anga jeupe, nyuso zetu nyeusi hatuonekani macho. Kuna rafiki yangu alipiga kwa simu yenye urembo, yeye katoka mweupe kama unga na pua imepotea. Hakuna katikati?

jicho_la_chimwaga

Hapa ndipo naweza kuandika mpaka kesho.

Kamera haijui kwamba wewe ndiye mhitimu. Inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Nyuma yako kuna anga la Dodoma lisilo na wingu na vumbi jeupe chini, yote yanang'aa. Ikijaribu kuliokoa anga, inakuzamisha wewe. Na joho jeusi linavuruga zaidi, kwa sababu likijaza fremu kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, anga linaungua.

Pili ni jua lenyewe. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na nusu linapita karibu utosini, na hata Novemba bado liko juu mno. Jua la utosini linaweka kivuli kwenye mashimo ya macho, chini ya pua na kidevuni, na kofia ya mahafali inamalizia kazi. Hakuna simu ya bei yoyote inayoweza kuhamisha jua. Hama wewe. Ingia kwenye kivuli cha jengo au cha mti mpana, simama pembezoni mwa kivuli ukitazama kwenye uwazi, ili mwanga wa anga ukupige usoni. Kama mnaweza kusubiri, saa kumi na moja jioni inatosha kumfanya kila mtu mzuri.

Tatu, gusa uso kwenye skrini, siyo joho na siyo anga. Itatokea alama ya jua pembeni, ivute juu au chini mpaka ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Ukishikilia kidole pale, simu nyingi zinafunga kipimo hicho kisihame. HDR iache imewashwa mchana, ndiyo inayounganisha picha kadhaa za mwanga tofauti kuwa moja.

Na ule urembo, nenda setingi za kamera uushushe mpaka sifuri. Unalainisha ngozi na kung'arisha weusi, ndiyo maana pua ya mwenzako imekwenda. Kamera kutowatendea haki watu weusi ni habari ndefu. Kampuni zilichelewa sana kulishughulikia. Google walikuja na kile walichokiita Real Tone kwenye simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021, na wengine wakafuata kwa namna zao. Lakini kwa simu uliyo nayo mkononi, kidole usoni na kivuli cha mwembe vinakupeleka mbali.

binti_mahafali

Nimejaribu sasa hivi hapa Nyerere Square na mdogo wangu, kivulini, kidole usoni. Ana macho kumbe!

mwana_kwaya

Na sisi tunarekodi kwaya ndani ya kanisa, video ina mistari myeusi inapanda na kushuka. Picha nazo zina milia. Simu tatu tofauti, tatizo moja.

jicho_la_chimwaga

Simu tatu tofauti tatizo moja, basi siyo simu. Ni taa. Umeme wetu ni Hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei nafuu na mirija ya zamani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho haligundui. Sensa ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, na ikifungua kwa muda mfupi sana mistari mingine inakuta taa iko juu, mingine inakuta imeshuka. Tafuta kwenye setingi za kamera sehemu ya kuzuia mpepeso, weka 50 badala ya 60. Kama simu ina hali ya kitaalamu, kasi ya kupiga iwe 1/100 au 1/50 ya sekunde. Isipowezekana, jaribuni balbu nyingine. Taa nzuri za LED hazipepesi hivyo.

Huko huko kwenye sensa kusoma mstari kwa mstari ndiko kunakofanya ukipiga dirishani kwenye treni ya SGR nguzo za umeme zilizo karibu na reli zitoke zimelala. Hakuna dawa, piga vya mbali. Simu igusishe kwenye kioo cha dirisha na flashi uizime, la sivyo utapiga sura yako.

mjukuu_wa_kongwa

Mimi picha zinapigwa vizuri, naziona, baada ya siku chache nikizifungua nusu ni picha nusu ni kijivu. Nyingine hazifunguki kabisa. Ni virusi?

fundi_kota

Unahifadhi kwenye memori kadi? Uliinunua wapi na imeandikwa GB ngapi?

mjukuu_wa_kongwa

Mnadani, imeandikwa 512. Bei ilikuwa nzuri.

fundi_kota

Bei nzuri hiyo ndiyo virusi. Kuna kadi zimechezewa, ndani zina ujazo mdogo lakini zinaiambia simu kwamba ni kubwa. Ukivuka ujazo halisi, picha mpya zinaandikwa hewani au juu ya zile za zamani. Kijipicha kidogo kwenye galari kinaonekana kwa sababu kimetunzwa pembeni kwenye simu, picha yenyewe haipo. Leo hii peleka setingi za kamera zihifadhi kwenye simu. Zilizo hai zihamishe. Kisha kadi tupu ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, inaijaza yote na kuisoma tena, itakuambia ukweli. Zilizoandikiwa juu hazirudi, usimlipe mtu anayekuahidi.

mama_vitenge

Wadau uzi wenu umenoga ila mwenye uzi bado ana chenga.

jicho_la_chimwaga

Samahani dada. Chenga ni njaa ya mwanga. Sensa ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Gizani inapata mwanga kidogo, simu inaukuza kwa nguvu na chenga zinakuzwa pamoja nao. Kisha programu inajaribu kuzipangusa chenga, na kwenye kitambaa inapangusa na nyuzi za kitambaa. Ndiyo maana kinatoka kimepakwapakwa.

Hiyo megapikseli 50 usiiwashe usiku. Simu yako kwa kawaida inaunganisha pikseli nne kuwa moja, inatoa picha ya kama megapikseli 12.5, na ndivyo inavyoona vizuri gizani. Ukilazimisha 50 unaipokonya nguvu hiyo. Usivute, songea mwenyewe. Tumia jicho la 1, lile la 0.5 usiku ni dhaifu kwenye simu nyingi. Hali ya usiku ni nzuri sana kwa kitenge kwa sababu kitenge hakitembei, ila simu itulie: iegemeze kwenye kopo, weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Lakini kwa nini unapiga bidhaa usiku?

mama_vitenge

Mchana nina wateja. Na kuna jingine linanitesa kuliko chenga. Nyekundu. Kitenge cha rangi ya damu ya mzee kinatoka machungwa, chekundu kabisa kinatoka kinawaka na maua ndani yake hayaonekani. Mteja kanirudishia mzigo kwa basi, anasema siyo rangi aliyoona.

jicho_la_chimwaga

Hilo ndilo lenye hasara ya kweli, na linatibika. Dukani una mianga miwili: taa ya njano juu na mchana wa mlangoni. Simu inaweza kusawazisha rangi kwa mwanga mmoja, ikipewa miwili inakosea mmoja. Zima taa, tumia mchana peke yake, kivulini. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kitenge. Kama karatasi kwenye picha siyo nyeupe, hata kitenge kinadanganya.

Zima ile AI ya kutambua mandhari, inaona nyekundu inaongeza nyekundu. Na kwa chekundu kabisa, gusa kitambaa, shusha lile jua dogo mpaka maua yarudi. Nyekundu kali inajaza sensa upande mmoja kabla picha nzima haijaonekana kung'aa, ndiyo maana maua yanazama.

Halafu usihukumu kwa skrini yako tu. Ulishabadilisha kioo cha simu?

mama_vitenge

Ndiyo, kilipasuka mwezi wa tatu.

fundi_kota

Kama waliweka cha kopi, rangi unazoona wewe siyo anazoona mteja. Angalia picha zako kwenye simu ya mtu mwingine kabla hujapandisha.

jicho_la_chimwaga

Hapo fundi kasema. Baraza la duka lako linatazama wapi?

mama_vitenge

Mashariki.

jicho_la_chimwaga

Vizuri sana. Kuanzia saa nane jua liko nyuma ya jengo, baraza lote ni kivuli na mbele una anga wazi. Huo ndio muda wako, mpaka kama saa kumi na moja. Tundika kitenge ukutani, wewe usimame upande wa barabara. Ukuta wa jirani unaolitazama baraza una rangi gani?

mama_vitenge

Kijani. Kijani kibichi cha mtandao wa simu, kuanzia chini mpaka juu.

jicho_la_chimwaga

Lo. Hiyo kijani inarukia kwenye vitenge vyako vyote. Tundika shuka jeupe kati ya ukuta na baraza wakati unapiga.

zabibu_chungu

Au anunue ukuta wa iPhone.